Simu inasema "imetumwa", mteja hajaipata: jinsi namba inavyotafutiwa njia



Kuna maswali matatu yananijia inboksi kila mara, na watu wanayauliza kama vile hayahusiani. La kwanza: "Nimemtumia mteja meseji ya mzigo wake, simu inasema imetumwa, yeye anasema hajaona kitu." La pili: "Mteja wangu yuko Muscat na laini yake ya Tanzania, anataka kuingia kwenye akaunti yake alipie, namba ya uthibitisho haimfikii." La tatu ndilo linalouma: "Meseji ya malipo imeingia na jina la kampuni kabisa, nimetoa mzigo, kuja kuangalia salio hamna kitu."

Yote matatu yana mzizi mmoja, nao ni jinsi mtandao wa simu unavyochukua namba na kuitafutia njia. Kabla sijaanza kuuza mashuka na mapazia mtandaoni nilikaa miaka kadhaa kwenye chumba cha mitambo cha kampuni moja ya simu. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kupanga majedwali yanayoiambia mitambo "namba ikianza hivi, ipeleke kule". Leo naeleza kwa lugha ya dukani. Ni ndefu kidogo, chukua chai.

MESEJI HUDANDIA GARI LA WENGINE

Ukipiga simu kuna vitu viwili vinasafiri. Kuna sauti zenu, halafu kuna mazungumzo ya mitambo yenyewe: namba hii iko wapi, imewashwa, ipe mlio, amekata, funga hesabu. Hayo mazungumzo ya mitambo yana mtandao wake, unaitwa mtandao wa ishara. Ule unaotumika dunia nzima kwa simu za 2G na 3G unajulikana kama SS7, na kanuni zake za kimataifa zilitoka mwaka 1980. 4G imekuja na mfumo wake mwingine uitwao Diameter, lakini wazo la kutafuta njia kwa kusoma jedwali ni lile lile, na meseji za kawaida bado zinapita sana kwenye SS7.

Meseji haikujengewa barabara yake. Ilidandia humo humo kwenye mazungumzo ya mitambo, kwenye nafasi iliyokuwepo. Ndiyo maana ni fupi: nafasi yenyewe ni baiti 140, zinazotosha herufi 160 za kawaida. Kiwango cha herufi 160 kinahusishwa na Mjerumani Friedhelm Hillebrand, katikati ya miaka ya 1980, na meseji ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ikiwa na salamu ya Krismasi.

Hapa kuna pesa yako, kwa hiyo nisimame kidogo. Kiswahili kina bahati, herufi zetu zote zimo kwenye zile za kawaida. Lakini ukiweka emoji moja tu, au zile alama za kunukuu zilizopinda zinazokuja ukinakili tangazo kutoka kwenye Word, meseji nzima inabadilishwa mfumo wa herufi na kikomo kinashuka kutoka 160 mpaka 70. Ikizidi hapo inakatwa vipande, na kila kipande kinabeba herufi 67 tu, maana nafasi nyingine inaliwa na maelezo ya kuunganisha vipande. Tangazo la herufi 150 ambalo lingekuwa meseji moja linakuwa tatu kwa sababu ya kopa moja jekundu. Ukituma kwa wateja 500 kupitia huduma ya meseji za jumla, unalipia 1,500. Kopa hilo ni ghali.

NAMBA YA SIMU SIYO MAHALI

Tuseme unatuma boksi la mteja kwa basi, kutoka Dar kwenda Tunduma. Juu umeandika jina la mteja. Kondakta hamjui huyo mteja na hana haja ya kumjua. Anachojua ni stendi. Kuna mtu pale ofisini ambaye akisoma "Tunduma" anajua boksi liende kwenye basi gani, na kuna mwingine kule mwisho ambaye ndiye anajua mwenye boksi anapatikana wapi.

Mtandao wa ishara uko hivyo hivyo. Vituo vyake, yaani swichi, madaftari ya wateja na vituo vya meseji, vina namba zao za ndani ambazo wewe huzioni kamwe. Kwa kanuni za kimataifa namba hiyo ya kituo ina biti 14, maana yake mtandao mmoja hauwezi kuwa na vituo zaidi ya 16,384. Marekani wao wanatumia biti 24. Mitambo inajua kupeleka ujumbe kwenye namba ya kituo, basi. Ukiipa +255 na tarakimu zako tisa, kwayo hilo ni jina tu juu ya boksi. Lazima mtu alitafsiri.

Kutafsiri huko hufanyika kwenye vituo vya kupitishia, ambavyo kwa kawaida huwekwa viwili viwili ili kimoja kikizima pacha wake abebe mzigo. Namba inayotafsiriwa watu wa mitambo wanaiita GT. Humo ndani kuna jedwali refu, na kila mstari unasema mambo machache: tarakimu zinazoanza, aina ya namba, ni ya kimataifa au ya ndani, kituo cha kuupeleka ujumbe, na jambo moja ambalo wageni wa kazi huwa hawalioni, nalo ni kama safari imekwisha au bado.

Hilo la mwisho ndilo lenye utamu. Mstari unaweza kusema, "peleka kituo fulani, akifika atafsiri tena mwenyewe." Hiyo ni kama ofisi ya basi ya Dar kukupeleka Mbeya na kumwachia mtu wa Mbeya aamue. Au unaweza kusema, "peleka kituo fulani, umefika, mpe mlango namba sita." Kila kituo kina milango: sita ni daftari kuu la wateja, saba ni daftari la wageni, nane ni swichi yenyewe. Ukimwambia mtu wa katikati "umefika" wakati hajafika, ujumbe unagonga mlango ambao haupo na unarudishwa.

Halafu kuna kanuni ya mstari mrefu kushinda. Chukulia jedwali lina mstari wa 255 unaosema kila kinachoanza hivyo kiende kituo cha taifa, na mstari mwingine wa 255 ukifuatiwa na tarakimu mbili za kampuni A unaosema kiende kwa kampuni A moja kwa moja. Namba ya mteja wa A inalingana na mistari yote miwili. Unaoshinda ni ule wenye tarakimu nyingi zaidi. Ni kanuni nzuri, ila ina mtego: ukisahau kuweka mstari mrefu hakuna kengele inayolia. Ujumbe unakwenda tu na ule mfupi, unazunguka njia ndefu, au unapotea, na mteja ndiye anayegundua.

Mara nyingine mistari inagombana. Jedwali la A linasema namba fulani iko kwa B, la B linasema iko kwa A, na ujumbe unaanza kurushwa huku na huku kama mpira. Kwa hiyo ujumbe wa aina hiyo unaweza kupewa idadi ya hatua, isiyozidi 15, na kila ukitafsiriwa hatua moja inakatwa. Zikiisha ujumbe unatupwa. Aliyetuma yuko Sinza anasubiri jibu.

Kwako wewe muuzaji, maana ya haya yote ni moja: andika namba za wateja kikamilifu. Sifuri ya mbele ni alama ya "ndani ya nchi", na nje ya nchi haina maana yoyote. Hifadhi kwa +255, +254, +968, kila mtu na ya kwake. Ukiwa na orodha kwenye Excel, kabla hujaingiza namba badilisha safu iwe ya maandishi. Ukiandika 07 bila kufanya hivyo Excel inakula sifuri, na ukiandika 255 na tarakimu tisa inakuonyesha kitu kama 2.55E+11, kwa sababu tarakimu 12 kwake ni nyingi mno. Mtu anahifadhi faili hilo, analipakia kwenye huduma ya meseji, kisha anasema mtandao mbovu.

SAFARI YA MESEJI MOJA

Sasa tufuate meseji yako, ile ya "mzigo wako umeshatoka, utapigiwa na bodaboda".

Ukibonyeza kutuma, simu yako haimtafuti mteja. Inaupeleka ujumbe kwenye kituo cha meseji cha kampuni yako, ambacho namba yake imehifadhiwa ndani ya laini. (Ukiona unapokea meseji vizuri ila kutuma kumegoma kabisa na salio lipo, kwenye mipangilio ya meseji angalia namba ya kituo cha meseji. Ikifutika au ikikosewa tarakimu, dalili ndiyo hiyo. Huduma kwa wateja wanakupa iliyo sahihi.) Kituo kikishaupokea kinakujibu, na hapo ndipo simu yako inaandika "imetumwa". Umeona? Mpaka hapo mteja hajaguswa. Neno hilo linamaanisha umeukabidhi mzigo ofisini ukapewa risiti.

Kisha kituo cha meseji kinauliza. Kinachukua namba ya mteja, kinaiweka kama GT, kinatuma swali: daftari la mwenye namba hii, yuko wapi sasa hivi? Swali linapita kwenye jedwali, linafika kwenye daftari kuu la kampuni ya mteja. Daftari linajibu mambo mawili: namba ya ndani ya laini yake, na anwani ya swichi inayomhudumia muda huo. Ndipo ujumbe wenyewe unasafiri, kwa anwani hiyo ya swichi, ambayo nayo inatafsiriwa kwenye jedwali. Swichi inaitafuta simu ya mteja, inaikabidhi ujumbe, na jibu linarudi nyuma.

Kwa hiyo meseji moja ni safari kadhaa, na kila safari inasomewa mstari wake. Simu ya mteja ikiwa imezimwa, daftari linaandika kwamba kuna meseji inamsubiri, akiwasha linakishtua kituo cha meseji kijaribu tena. Meseji haikai milele. Ina muda wake, ukipita inafutwa kimya kimya. Simu ndogo ya batani iliyojaa meseji nayo inarudisha jibu kwamba haina nafasi, na kwa wateja wa mikoani hili ni la kawaida kuliko unavyofikiri. Kabla hujalaumu mtu, mwambie afute meseji za zamani.

Ukiwasha taarifa ya kufika kwenye mipangilio ya meseji, utapata "imefika", na hiyo ndiyo yenye uzito. Hata hivyo inasema imefika kwenye simu. Kama ameisoma, mtandao wa ishara haujui.

MTEJA WA MUSCAT

Tuje kwa aliye nje na laini ya nyumbani. Hapa jedwali linafanya kazi mara mbili zaidi.

Akiwasha simu Muscat, mtandao wa Oman hauioni namba yake ya +255. Unaona namba ya ndani ya laini, ambayo kwa laini za Tanzania inaanza na 640. Kenya ni 639, Uganda 641. Hiyo 640 siyo namba ya kupiga, na mitandao ya kimataifa inasafirisha ujumbe kwa namba za kupiga. Kwa hiyo mtandao wa Oman lazima uwe na mstari unaosema: laini ikianza na 640 na tarakimu za kampuni fulani, ondoa hizo, weka 255 na tarakimu za kampuni hiyo, kisha tuma nje. Ndipo swali "huyu ni mteja wenu?" linafika Tanzania, na daftari la nyumbani linaandika kwamba mtu wetu yuko Oman, swichi yake ni hii, inaanza na 968. Baada ya hapo meseji yoyote kwake inauliza Tanzania kwanza, inajibiwa 968, inatoka kwenda Oman.

Mstari mmoja ukikosekana popote, mteja wako anakaa bila mtandao, au anapata mtandao na meseji haziji.

Nakumbuka tuliwahi kufungua mfululizo mpya wa laini. Wiki ya kwanza malalamiko yakaanza kutoka nchi moja ya nje: wateja wapya hawapati mtandao kabisa, wateja wa zamani wanapata. Mji ule ule, hata simu ile ile, ukibadilisha laini ya zamani na mpya unaona tofauti. Kwetu kila kitu kilikuwa sawa, na taarifa za mfululizo mpya zilishatumwa kwa mitandao yote tunayoshirikiana nayo kabla ya siku ya kufungua. Mwenzetu wa kule hakuwa ameongeza mstari. Ni mstari mmoja, kuuandika ni dakika tano, lakini ulichukua siku kadhaa za barua pepe, maana mtu wa jedwali kwao alikuwa likizo na aliyeshika nafasi yake hakutaka kugusa. Siku hizo zote kuna mtu yuko ughaibuni hawezi kupata namba ya uthibitisho ya benki yake.

Kwa hiyo mteja wa nje akikwambia meseji haiji, usimwone msumbufu. Mwambie aingie kwenye mipangilio ya simu achague mtandao mwingine wa nchi ile kwa mkono, asiache simu ichague yenyewe. Mtandao mwingine una jedwali lingine. Ikigoma, apige huduma kwa wateja ya nyumbani, awatajie mji, jina la mtandao ulioonekana kwenye simu na saa aliyojaribu. Kwa vitu hivyo vitatu fundi anaweza kufuata ujumbe uliishia wapi. "Meseji hazifiki" peke yake haimsaidii. Na taarifa zako za mzigo kwa wateja wa nje zitume kwa WhatsApp, ambayo inapita kwenye intaneti na haina habari na majedwali haya.

WALIOHAMA NA NAMBA ZAO

Zamani tarakimu za mwanzo zilitosha kujua kampuni. Kenya waliruhusu mtu kuhama mtandao bila kubadilisha namba mwaka 2011, Tanzania ikafuata Machi 2017. Kwa mteja ni raha. Kwa jedwali ilikuwa kasheshe, kwa sababu mstari wa tarakimu za mwanzo haukusema tena ukweli wote. Ikabidi kabla ya kutafsiri mitambo iangalie kwanza orodha ya waliohama, namba moja moja.

Hapa nyumbani hilo linafanyika vizuri. Tatizo ni watumaji wa mbali, hasa wale wanaosambaza namba za uthibitisho za huduma za nje kwa bei ya chini. Baadhi bado wanasoma tarakimu za mwanzo tu, wanapeleka kwa kampuni ya zamani. Kama ulihama mtandao na kuna programu fulani tu ambayo namba zake hazikufikii, wakati meseji nyingine zote zinakuja, anza kushuku hapo. Waandikie wenye programu, waambie wazi namba yangu ilihama kutoka kampuni hii kwenda hii.

NANI ANARUHUSIWA KUULIZA?

Sasa lile swali la tatu, la mzigo uliotoka bure.

Mtandao huu ulibuniwa wakati kampuni za simu duniani zilikuwa chache, nyingi za serikali, na kila aliyeunganishwa alijulikana. Hakuna aliyeona haja ya kuweka mlinzi. Ukiuliza "mteja huyu yuko wapi", unajibiwa. Ukisema "mteja huyu sasa yuko kwangu", unaaminiwa na jedwali linafuata. Desemba 2014, kwenye mkutano wa wataalamu wa usalama wa kompyuta huko Hamburg, Wajerumani Tobias Engel na Karsten Nohl walionyesha hadharani jinsi mtu mwenye njia ya kuingia kwenye SS7 anavyoweza kufuatilia simu na kunasa meseji. Mwaka 2017 ikatokea kweli: wezi walikuwa wameshaiba nywila za benki za wateja Ujerumani, kisha wakapitia mtandao wa ishara kugeuza njia ya meseji ili namba za uthibitisho ziwafikie wao. O2-Telefónica ilithibitisha. Mwaka huo huo taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliziweka namba za uthibitisho za meseji kwenye kundi la njia za kutumiwa kwa tahadhari.

Kampuni za simu zimeweka vichujio tangu hapo. Mstari wa kichujio unasema, kwa mfano: mteja wetu yuko nyumbani sasa hivi, kwa nini mtandao wa mbali unaulizia swichi yake? Kataa. Kichujio kizuri kinazuia mengi, lakini ni kazi ya kila siku kama kufagia duka.

Ila nikuambie ukweli, wanaotuibia sisi wauzaji wadogo hawana haja ya kufika huko. Wanatumia vitu viwili rahisi.

Cha kwanza ni jina la mtumaji. Lile jina unaloliona juu ya meseji badala ya namba ni maandishi tu, mwisho herufi 11, yaliyojazwa kwenye kisanduku cha mtumaji. Simu yako haina namna ya kulihakiki. Likifanana na jina la kampuni, simu inaiweka meseji feki kwenye mazungumzo yale yale yenye meseji za kweli, chini ya muamala halali wa jana. Watumaji wenye leseni wanatakiwa kusajili majina, lakini meseji inayoingia kwa njia ya pembeni haikupita kwa msajili. Jina la mtumaji halikutumika hata kutafuta njia: jedwali linasoma namba ya anayepokea.

Kwa hiyo meseji ya malipo siyo malipo. Malipo ni salio. Piga menyu ya kampuni yako mwenyewe, ile ya nyota na reli, angalia salio au muamala wa mwisho, ndipo utoe mzigo. Menyu ile ni tofauti na meseji kwa jambo moja kubwa: ni mazungumzo ya moja kwa moja yaliyoanzishwa na wewe kwenda kwenye kampuni yako. Hakuna mtu wa nje anayeweza kukuwekea salio la uongo kwenye jibu lake kwa kujaza jina. Ni sekunde ishirini. Mteja akinuna kwamba humwamini, mwambie ndiyo utaratibu wa duka, kwa kila mtu. Na skrinshoti ya malipo? Hiyo hata meseji feki ina nafuu.

Cha pili ni kubadilisha laini. Kumbuka daftari kuu linasema namba yako inakaa kwenye laini ipi. Mwizi akifanikiwa kumshawishi mtu aandikishe laini mpya kwa namba yako, ni mstari mmoja tu wa daftari unabadilika, na kuanzia hapo majedwali yote duniani yanafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa, yanampelekea yeye. Dalili ni simu yako kupoteza mtandao ghafla mahali ambapo jirani yako anao. Usisubiri mpaka jioni. Tumia simu ya mtu, piga kampuni yako, wafunge laini na pochi ya pesa, ndipo uanze kuuliza maswali.

Akaunti zako za biashara zisiwe na kufuli moja la meseji. Kwenye WhatsApp, ndani ya mipangilio ya akaunti, washa uthibitisho wa hatua mbili uweke namba yako ya siri ya tarakimu sita. Anayenasa namba ya uthibitisho ya meseji bado atakwama hapo. Instagram na Facebook zinakuruhusu kutumia programu ya kuzalisha namba ndani ya simu yako. Namba hizo hazisafiri popote, hakuna jedwali la kuzipoteza wala kuzigeuza. Zile namba za akiba unazopewa siku ya kuwasha, ziandike kwenye karatasi uzifungie na leseni ya biashara.

Kwa walioko Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa kampuni husika na kitambulisho ikaondolewe. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" usizifute kwa hasira, zitume 15040 kwanza. Ni namba ya kupokea taarifa za utapeli, na ukishatuma utaombwa namba ya tapeli mwenyewe, kwa hiyo iwe nayo karibu.